Siku Zilizo Kati ya Mizani na Malipo: Hesabu ya Tarehe katika Majedwali Yahusianayo

Swali la "siku ngapi?" ni jepesi katika Kiswahili cha kila siku. Mtu akisema kwamba amekaa safarini siku tatu, msikilizaji haulizi kama siku ya kuondoka imehesabiwa, wala kama siku ya kurudi imo. Hali yenyewe yatosha kumweleza, na kosa la siku moja halimdhuru mtu. Lakini swali hilo likipelekwa kwa kompyuta, hapana tena msikilizaji wa kukisia. Mashine hujibu maneno iliyopewa, si nia ya aliyeuliza, na jibu lake huja kwa namba iliyo kamili hata swali likiwa na kasoro. Ndiyo sababu hesabu ya tofauti ya tarehe, ingawa yaonekana kuwa kazi ya mafundi peke yao, ni jambo liwahusulo pia wanafunzi wa lugha.

Tarehe mbili zikiwa zimeandikwa katika karatasi moja, kazi ni ya kutoa tu. Ugumu huanza tarehe moja ikiwa katika jedwali hili, na ya pili katika jedwali jingine. Hapo, kabla ya kutoa, hapana budi kujua ni tarehe ipi ya huku iendayo na ipi ya kule. Makala haya yaeleza njia hiyo kwa mfano wa wakulima wa pamba.

Mizani na stakabadhi

Mwandoya ni kata ya Wilaya ya Meatu katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao yake makuu mjini Bariadi. Nchi hiyo ni ya Wasukuma, na zao lao kubwa la biashara ni pamba. Mbegu hupandwa mvua za mwisho wa mwaka zianzapo, na soko hufunguliwa katikati ya mwaka unaofuata. Mkulima huipeleka pamba yake kwenye chama cha ushirika cha msingi. Huko hupimiwa, kilo zake huandikwa, naye hupewa stakabadhi. Fedha huweza kulipwa papo hapo, na huweza kulipwa baadaye.

Ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa ulikua kutokana na ugomvi wa mizani. Katika miaka ya 1950 wakulima walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja uzani, na vyama vyao, vikiongozwa na Paul Bomani, viliungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Katika msimu wa mwaka 2019 malalamiko yalikuwa ya namna nyingine. Bei ilikuwa imetangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya soko la dunia ikashuka. Wanunuzi wakakosa fedha za kulipa kwa wakati. Na wakulima wengi wakakaa miezi wakiwa na stakabadhi mkononi bila ya shilingi. Kilo zilikuwa zimekwisha pimwa. Lililobaki kupimwa ni siku.

Mtu atakaye kujua wakulima walingoja kwa muda gani hahitaji habari mpya, kwa sababu zote zimekwisha andikwa. Kwa kawaida ziko katika majedwali matatu. La kwanza ni la Wakulima: kila mwanachama ana mstari mmoja, wenye namba yake, jina lake na kijiji chake. La pili ni la Mizani: kila stakabadhi ina mstari mmoja, wenye namba ya stakabadhi, namba ya mwanachama, tarehe ya kupima na kilo. La tatu ni la Malipo: kila fedha zinapotoka huandikwa mstari mmoja, wenye namba ya stakabadhi, namba ya mwanachama, tarehe ya kulipa na kiasi.

Na ichukuliwe kwa ajili ya maelezo, si kwa habari za mtu ye yote aliyeko, kwamba mwanachama namba 17 alipimiwa pamba mara tatu mwaka 2019: tarehe 10 Juni, tarehe 24 Juni, na tarehe 8 Julai. Tarehe 19 Agosti alilipwa stakabadhi zake mbili za kwanza, na karani akaandika mistari miwili katika jedwali la Malipo. Stakabadhi ya tatu haikulipwa hadi tarehe 30 Septemba, siku ambayo hesabu hii inafanywa. Swali ni moja: kwa wastani, mwanachama huyu amengoja siku ngapi?

Tarehe ni namba

Kompyuta haijui Juni wala Agosti. Kila tarehe, ndani yake, ni hesabu ya siku zilizopita tangu siku moja iliyowekwa kuwa mwanzo. Katika Excel, tarehe 1 Januari 1900 ni siku ya 1. Kwa hiyo tarehe 10 Juni 2019 ni siku ya 43,626, na tarehe 19 Agosti 2019 ni siku ya 43,696. Ukiitoa ile katika hii, zabaki siku 70. Programu ya Power BI huanzia sifuri kwa tarehe 30 Desemba 1899, lakini hesabu mbili hizi hupatana tangu tarehe 1 Machi 1900, kwa kuwa Excel huhesabu tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwapo kamwe.

Jambo hili si geni kwa wenye lugha ya Kiswahili. Mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na mwaka wa jua ulioanzia Nairuzi, nao walihesabu siku kwa miongo, kila mwongo siku kumi, miongo thelathini na sita na siku tano za ziada. Baharia aliyejua siku ya ngapi amefikia hakuhitaji jina la mwezi ili ajue pepo za msimu zimekaribia au zimekwisha. Alitoa hesabu ndogo katika kubwa. Mashine hufanya vivyo hivyo, ila Nairuzi yake ni moja tu wala hairudi kila mwaka.

Lakini lazima tarehe iwe imefahamika kuwa tarehe. Tanzania huandika siku kwanza, kisha mwezi. Marekani huandika mwezi kwanza, kisha siku. Programu iliyowekwa kwa desturi ya Marekani ikisoma 10/06/2019, huielewa kuwa tarehe 6 Oktoba, na pamba itaonekana kupimwa siku 48 baada ya kulipwa. Ikisoma 24/06/2019, haipati mwezi wa ishirini na nne, basi huacha maandishi hayo kama maneno tu. Ikisoma 08/07/2019, huielewa kuwa tarehe 7 Agosti, na kosa hili ndilo baya kuliko yote, maana tofauti itokayo yaelekea kuwa kweli. Kosa linalopiga kelele hurekebishwa, linalonyamaza hupita.

Saa nazo zina mtego wake. Karani akiandika 2:00 kwa pamba iliyopimwa saa mbili za usiku, mashine itaelewa saa nane za usiku, yaani tarehe ile ile lakini saa kumi na nane kabla. Tena siku ya mashine hugeuka saa sita za usiku, ambapo katika desturi ya pwani siku hugeuka jua linapokuchwa, na usiku wa Ijumaa ni ule uutanguliao mchana wa Ijumaa. Kwa hesabu za siku nzima, yafaa saa ziondolewe, ibaki tarehe peke yake.

Kupatanisha mstari na mstari

Majedwali mawili huunganishwa kwa safu iliyomo katika yote mawili. Safu hiyo huitwa ufunguo. Katika mfano huu kuna funguo mbili ziwezazo kuunganisha Mizani na Malipo: namba ya mwanachama na namba ya stakabadhi. Yaonekana kwamba ye yote kati ya mafundi angeweza kuchagua iliyo karibu, lakini sivyo.

Ukiunganisha kwa namba ya mwanachama, kila mstari wa Mizani wa mwanachama namba 17 hukutana na kila mstari wake wa Malipo. Mistari mitatu ikikutana na miwili huzaa sita. Tofauti zake ni siku 70 mara mbili, siku 56 mara mbili, na siku 42 mara mbili. Wastani ni siku 56. Namba hii ya mwisho, 42, ni ya stakabadhi ya tarehe 8 Julai, ambayo haijalipwa hata senti. Imehesabiwa kuwa imelipwa, kwa sababu swali lililoulizwa halikuwa "stakabadhi hii ililipwa lini?" bali "mwenye stakabadhi hii aliwahi kulipwa cho chote lini?"

Basi ufunguo ulio sawa ni namba ya stakabadhi. Hapo uhusiano huwa wa mmoja kwa wengi: stakabadhi moja yaweza kuwa na malipo mengi, kama ikilipwa kidogo kidogo, lakini malipo mamoja yana stakabadhi moja tu. Uhusiano wa namna hii una upande, na kila upande una amri yake. Katika Power BI, aliyesimama upande wa wengi, yaani katika jedwali la Malipo, hutumia amri iitwayo RELATED kuvuta tarehe ya kupima kutoka Mizani. Jibu ni moja, kwa hiyo mashine haina shida. Aliyesimama upande wa mmoja, yaani katika Mizani, hawezi kuuliza tu "tarehe ya malipo", kwa kuwa huenda zikawa nyingi. Hutumia RELATEDTABLE kuyakusanya malipo yote ya stakabadhi ile, kisha huchagua: tarehe ya kwanza, au tarehe ya mwisho.

Uchaguzi huu ni wa maana, si wa hesabu. Aulizaye mkulima alianza lini kupata fedha ataka ya kwanza. Aulizaye deni lilikwisha lini ataka ya mwisho, na tena ataka uhakika kwamba jumla ya malipo imefikia thamani ya pamba. Kiswahili husema "amelipwa" kwa yote mawili. Neno moja latosha sokoni. Katika jedwali halitoshi.

Mahali pa kusimama

Katika hatua hii ndipo lilipo jambo kubwa la hesabu nzima. Njia nyepesi ni kusimama katika jedwali la Malipo, maana amri ya huko ni moja na haina uchaguzi. Kwa mwanachama namba 17 mistari ya Malipo ni miwili: siku 70 na siku 56. Wastani wake ni siku 63. Kila tarehe ni sahihi, kila uhusiano ni sahihi, na kutoa kumefanywa vyema. Hata hivyo jibu si la kweli.

Stakabadhi ya tatu haimo katika jedwali la Malipo, kwa sababu haijalipwa; na isiyokuwamo haihesabiwi. Kwa hiyo asimamaye katika Malipo amewauliza waliolipwa tu. Yule ambaye angali akingoja hakuulizwa, na kadiri angojavyo ndivyo anavyozidi kutoonekana. Chama ambacho hakijalipa stakabadhi nyingi kitatokea kuwa na wastani mzuri, mradi zile chache zilizolipwa zimelipwa upesi.

Asimamaye katika Mizani huziona stakabadhi tatu zote. Lakini hapo hukutana na nafasi tupu, yaani mahali pa tarehe pasipoandikwa kitu. Mtu akiona nafasi tupu hufahamu "bado". Excel, nafasi tupu ikiingia katika kutoa, huihesabu kuwa sifuri. Sifuri ikitolewa siku 43,654, ambayo ni tarehe 8 Julai 2019, hupatikana siku 43,654 za kupungua. Maana yake malipo yalitangulia pamba kwa zaidi ya miaka 119. Fundi akiona hivyo mara nyingi huifuta mistari yenye nafasi tupu ili hesabu itulie, na kwa kufanya hivyo amerudi kule kule katika Malipo bila ya kujua.

Njia iliyo sawa ni kuipa nafasi tupu maana yake. Mahali ambapo malipo hayajafanywa, na iwekwe tarehe ya hesabu yenyewe, na mstari huo utiwe alama ya "bado". Toka tarehe 8 Julai hadi tarehe 30 Septemba ni siku 84. Sasa tofauti ni 70, 56 na 84, na wastani wake ni siku 70. Wastani huu nao hautoshi kusimama peke yake, kwa kuwa ile 84 ingali ikikua; kesho itakuwa 85. Yafaa usemwe hivi: hadi tarehe 30 Septemba 2019 wastani wa kungoja ni siku zisizopungua 70, na stakabadhi moja katika tatu bado haijalipwa.

Basi kutoka karatasi zile zile, za mwanachama yule yule, yamepatikana majibu matatu: siku 56, siku 63, na siku 70. Katika kutoa hapakuwa na kosa hata mara moja.

Kuhesabu siku na kuhesabu mipaka

Baada ya mistari kupatana, yabaki swali la kipimo. Kipimo cha siku ni chepesi kuliko vyote, lakini hata hicho kina jambo lake. Kutoka Jumatatu hadi Jumatano, kwa kutoa, ni siku mbili. Katika Kiswahili, aliyefiwa Jumatatu akifika Jumatano husema ni siku ya tatu, kwa kuwa siku ya tukio imo katika hesabu. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 ya Sheria za Tanzania, imeweka kanuni nyingine: muda ukihesabiwa kuanzia siku fulani, siku hiyo haimo. Mashine itoapo namba katika namba hufuata kanuni hii ya sheria bila ya kuambiwa. Kwa hiyo "baada ya siku saba" na "siku ya saba" hazina budi kutengwa, maana kati yao kuna siku nzima, na siku nzima yaweza kuwa ndiyo mpaka kati ya aliyelipa kwa wakati na aliyechelewa.

Miezi ni migumu zaidi. Power BI ina amri iitwayo DATEDIFF, ambayo huhesabu mipaka iliyovukwa. Kutoka tarehe 30 Juni hadi tarehe 1 Julai husema mwezi 1, ingawa imepita siku moja, kwa sababu mpaka wa mwezi umevukwa. Kutoka tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Juni husema 0, ingawa zimepita siku 29. Excel ina amri iitwayo DATEDIF, iliyopungua herufi moja tu ya mwisho, nayo huhesabu miezi iliyotimia. Kwa tarehe 30 Juni na tarehe 1 Julai husema 0. Majina yakaribia kuwa mamoja, na majibu yapingana.

Kiswahili chenyewe kina utata wa namna hiyo. "Alilipwa mwezi wa pili" kwaweza kuwa Februari, na kwaweza kuwa mwezi wa pili tangu kupimiwa. "Alilipwa baada ya miezi miwili" kwaweza kuwa miezi miwili iliyotimia, na kwaweza kuwa kwamba miezi miwili ya kalenda imegeuka. Kwa ajili hiyo, katika jambo lenye deni ndani yake, ni heri kuhesabu kwa siku, na kuziacha siku zibaki siku bila ya kuzigawa kwa thelathini.

Kuliandika swali

Wataalamu wa istilahi wamefanya kazi kubwa ya kuvipa vitu majina: jedwali, safu, ufunguo, uhusiano, hifadhidata. Majina hayo yanafaa. Lakini mfano huu waonyesha kwamba upungufu hauko katika majina peke yake. Anayejua kila istilahi bado aweza kuuliza "wakulima walingoja siku ngapi?" akapata 56, au 63, au 70, bila ya kujua ni swali lipi lililojibiwa. Kinachohitajiwa ni sentensi nzima, iliyofungwa kila upande, ambayo karani, fundi na mkulima wakiisoma watafahamu jambo moja.

Sentensi ya namna hiyo yawezekana katika Kiswahili bila ya kuazima cho chote. Kwa mfano huu ingekuwa hivi: "Kwa kila stakabadhi ya mizani, zimepita siku ngapi tangu tarehe ya kupimwa, yenyewe isihesabiwe, hadi tarehe ya malipo yaliyoimaliza stakabadhi hiyo; na kama haijamalizwa, hadi tarehe ya hesabu?" Maneno "kwa kila stakabadhi ya mizani" humwambia fundi asimame katika Mizani na ufunguo wake ni upi. "Yenyewe isihesabiwe" huondoa shaka ya siku ya kwanza. "Yaliyoimaliza" huchagua malipo ya mwisho. "Siku" hufunga mlango wa miezi. Na maneno ya mwisho, "kama haijamalizwa", humrudisha katika hesabu yule ambaye jedwali la Malipo halimjui.

Mkulima wa Mwandoya akifika ofisini na stakabadhi yake ya tarehe 8 Julai, hana haja ya kujua amri za programu. Ataka kusikia ni siku ngapi, naye anazo amezihesabu. Namba ya kompyuta ikiwa si ile yake, kosa na litafutwe kwanza katika swali.